Waya Mfupi wa Gwakisa

"Hivi, Mama Tumpe, ule wimbo ulikuwa wapi kabla Gwakisa hajaupiga?"

Jirani yangu, Mama Lugano, aliniuliza hivyo siku moja tunapepeta maharage uani kwake. Hakuwa anangoja jibu. Yeye huuliza maswali kama mtu anavyomwaga maji ya kuoshea vyombo: anamwaga, anarudi ndani. Lakini swali lile lilinimwagikia mimi, na tangu hapo sijakauka. Nilimjibu kama nilivyofundishwa, kwamba kila kitu kilikuwa kwa Mungu kabla hakijawa. Akaguna.

"Hata uongo?"

Nikainama, nikaendelea kuchagua mawe.

Mji wetu hauna jina. Ulikuwa nalo, lakini waliolijua walikufa kabla ya kumwambia mtu, na Mwenye Kilima, anayetutawala kutoka kule juu katika nyumba isiyo na dirisha upande wetu, hakutaka litafutwe. Siku zetu nazo hazifuatani. Jumatatu huweza kuja mara mbili, na ile ya pili ikakukuta mdogo kuliko ile ya kwanza. Nimeamka asubuhi nyingi nina miaka tisa, nanukia chaki, na kabla ya chakula cha mchana nikawa nimeshamzika mume. Tumezoea. Ukikutana na mtu njiani humwulizi habari za nyumbani, unamwuliza kwanza, "Leo uko wapi?" Naye atakwambia: leo niko kwenye harusi yangu, au, leo mama hajanizaa bado, usinisimamishe. Nimeomba sana nielezwe kwa nini Mungu alituweka mahali pasipo na jana iliyotulia. Sijaelezwa. Labda watu wengine pia wanaishi hivi hivi, sema wao wana kalenda ukutani ya kuwadanganya.

Katika kuteleza huko, tulishika kitu kimoja tu kisitutoke. Hatukushika sura, maana sura hubadilika na umri, wala jina, maana jina tunapewa na watu wengi. Tulishika jinsi mtu alivyokuwa akikuita.

Na aliyetushikia alikuwa Gwakisa, mpiga banjo.

Banjo lake alilitengeneza mwenyewe. Alichukua sufuria iliyotoboka kitako, akaiwamba mdomoni ngozi ya mbuzi aliyechinjwa msibani. Shingo ni mpini wa jembe la mtu aliyekufa akilima. Nyaya ni za breki ya baiskeli, alizifumua uzi kwa uzi. Ziko tano. Nne ni ndefu, zinaanzia kichwani mwa mpini, na vidole vya mkono wa kushoto huzibana hapa na pale zikasema mengi. Wa tano ni mfupi. Unaanzia katikati ya mpini, una kigingi chake peke yake, na hakuna kidole kinachoubana. Dole gumba la mkono wa kulia linaugusa, basi. Waya mfupi husema neno moja tu, lile lile, wimbo uwe wa harusi au wa msiba, wa kupalilia au wa kubembeleza mtoto. Ukiusikiliza wimbo, waya huo huusikii. Ukiondolewa, wimbo mzima unachechemea.

Watu wa mbali walikuwa wakija kumwuliza nyimbo anazipata wapi. Walitaka awaambie kuhusu ndoto, au mzimu, au jani fulani la kutafuna. Yeye huwaambia, "Mimi situngi. Mtu akifa kuna kitu kinadondoka mlangoni, na wenye nyumba wanakikanyaga kwa sababu macho yamejaa machozi. Mimi silii. Naokota."

Na aliokota hivi. Alifika msibani, hali, hanywi, anakwenda moja kwa moja jikoni kuipasha ngozi motoni. Wakati wa mvua ngozi hulegea, na sauti zote zilizo kwenye nyaya hushuka. Tunasema wafu wamezama. Anawapasha mpaka wapande. Kisha anamtafuta yule aliyeachwa kuliko wote, anamwuliza swali moja: "Alikuwa akikuitaje?" Mwenye kuachwa anasimama katikati ya uwanja anauita mwito ule, kama marehemu alivyomwita kutoka shambani, au kutoka kitandani alipougua. Gwakisa anakaza kigingi polepole, anagonga, anakaza, mpaka waya uingie ndani ya sauti ile kama mkono unavyoingia kwenye mkono wa shati. Hapo ndipo wanaume wanainua majembe kwenda makaburini. Bila waya, kaburi halichimbwi.

Waya ukishafungwa, una mwenyewe. Wafu ni wengi na nyaya ni tano, kwa hiyo siku huja ya kuachilia; lakini mwenye kuachilia ni yule yule aliyeita, hakuna mwingine. Anasimama tena, anaita mara ya mwisho, kigingi kinalegezwa. Nimeona wanawake wakiita mara ya mwisho halafu wakakaa chini hapo hapo kwenye vumbi, na nguo zao za kanisani.

Baba Tumpe alipofariki, nilisimama mimi. Ndugu zake walikuwa wamekaa upande wa migomba, mama yake mbele, wazee wa kanisa kwenye viti. Gwakisa akaniuliza, "Alikuwa akikuitaje, mama?" Nikafumba macho, nikaita jina langu, refu, likishuka mwishoni taratibu kama mtu anayetua mzigo: Subilagaaa.

Gwakisa hakukaza kigingi. Alikaa, akaniomba niite tena. Nikaita. Akasema, mbele ya watu wote, "Sijapata kusikia mtu akiitwa hivi." Akaufungua waya mfupi, uliokuwa na sauti ya babu mmoja ambaye mwitaji wake naye alishakufa na hakuna tena aliyemkumbuka, akamweka mume wangu pale. "Huyu habembelezi wala hagombi," alisema. "Huyu anaweza kukaa chini ya kila kitu."

Miaka kumi na mmoja. Kwa hesabu ya mji wetu ni mingi zaidi, maana mingine niliipita mara mbili. Tumpe, binti yangu, alicheza harusi yake juu ya waya ule. Watoto walilazwa nao. Wanawake waliokuwa wakinipita kisimani wakaanza kunitekea maji kwanza. Ndiye yule, walinong'ona. Ndiye aliyeitwa vile.

Karani Mbonile, mtu wa Mwenye Kilima, alikuja mchana, jua la utosi, tunaanika ulezi. Gwakisa alikuwa kwangu siku hiyo, ameketi kizingitini akibadilisha kigingi kilichopasuka. Karani ni mtu safi, hana makelele. Alipiga hodi kama mkwe. Akafuta kigoda kwa leso kabla ya kukaa, akaiweka kofia gotini.

"Mwenye Kilima amenyamaza," alisema.

Mama Lugano alikuwa na ungo mkononi. "Kwani lini alisema?"

"Mama, chunga mdomo wako."

"Nimeuchunga miaka yote hiyo, Karani, mpaka umesahau kutafuna."

Karani akatabasamu kidogo, akamwacha. Akageuka kwa Gwakisa. "Mzee wangu, anahitaji waya."

"Pole yao wafiwa," Gwakisa alisema. "Upo mmoja mrefu, wenyewe wako tayari kuuachilia. Nitakuja. Nani ataita?"

"Si mrefu. Mrefu unabanwa, leo unasema hili, kesho lile. Mwenye Kilima habanwi na vidole vya mtu. Anataka mfupi." Alilisema neno lile kwa upole, kama anamtaja mtoto wake. "Hataki aimbwe, Mzee. Waimbwao husahauliwa. Anataka awe chini ya kila wimbo, asisikike sana, lakini asikosekane. Bibi arusi atoke ndani, yumo. Mtoto alazwe, yumo. Hata kanisani mkimsifu Mungu, yumo kwa chini, hasumbui mtu."

"Kwa Mungu huko aniachie," nilisema. Sikujua kama nimeisema kwa sauti.

"Waya mfupi una mwenyewe," Gwakisa alisema, wala hakunitazama.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja hapa wala sikwenda kwako." Sasa Karani akanitazama. "Mama ataachilia."

"Asipoachilia?"

"Basi dole gumba lako, Mzee, halitakuwa na kazi. Tutalichukua tukalitunze sisi." Akasimama, akanyoosha suruali. "Nawapa siku tatu. Na kwa kuwa siku za hapa mnazijua, msingoje zifuatane."

Siku ya kwanza nilikuwa na miaka tisa. Niliketi darasani, mwalimu akaandika ubaoni neno PENDO, akasema tulisome wote. Tulisoma. Nilijua hata wakati ule kwamba siku moja nitaulizwa maana yake mbele za watu, na nitajibu vizuri, na nitakuwa sijaelewa.

Siku ya pili ilikuwa ile ya kupelekwa kwa mume. Mvua. Shangazi anashika mwavuli, anasema tembea polepole. Mlango ule. Nilisimama nje ya mlango ule kwa muda mrefu nikisikiliza, na aliyekuwa ndani akaniita niingie. Akaniita.

Ee Mungu wangu, unayejua alivyoniita.

Mtu anaitwaje? Nauliza kama mtu asiyekwenda mbali shuleni, anayesoma herufi kubwa tu. Kama anayekuita hakujui, anayegeuka ni nani? Na kama ukigeuka kila siku, miaka kumi na tisa, si mwisho utakuwa ndiye yule aliyeitwa, wala si wewe? Nimekaa na jambo hili kama mtu anavyokaa na jino bovu, ulimi haubanduki hapo. Niliwahi kufikiri kwamba mwenye nguvu ni yule anayeweza kukuua. Sivyo. Mbuzi anauawa na hana aliyemtawala. Mwenye nguvu ni yule anayefungua mdomo, nawe, ukiwa na unga mikononi, mtoto mgongoni, sala katikati ya mdomo, unaacha vyote unageuka.

Kabla siku ya pili haijaisha nilikuwa nimerudi umri wangu, nikamwendea Gwakisa. Nyumba yake ina chumba kimoja na harufu ya ngozi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Umekuja kuniaga au kukiaga kidole?"

"Usitanie."

"Nisipotania nitalia, na nikilia nitakanyaga vitu." Akanisogezea kiti. "Sikiliza. Kidole ni changu, nilizaliwa nacho, nikitaka kukitoa nakitoa. Usije ukaachilia sauti ile kwa ajili ya kidole. Nimepiga tangu sijaota ndevu. Nyaya zangu zimebeba watu waliokuwa wakiita kama wanaamrisha ng'ombe, na wengine kama wanaomba mkopo. Nikadhani watu ndivyo walivyo. Mimi mwenyewe mke wangu nilikuwa nikimpigia mluzi. Unajua hilo?"

"Sikujua."

"Mluzi. Kama mbwa. Naye alikuwa akija. Siku ile kwenye msiba wako nilipousikia ule mwito, nilirudi hapa, nikasimama pale mlangoni, nikamwita jina lake. Polepole, kama Baba Tumpe. Alikuwa anamenya viazi. Alikiweka kisu chini, mama, akalia mpaka nikaogopa." Akaisugua ngozi ya banjo kwa kiganja. "Alikufa ameitwa jina lake miezi minne. Miezi minne katika maisha mazima. Hiyo nilipewa na mumeo. Sasa wanataka wampe waya huo yule wa kilimani."

Nilikuja nimeweka maneno tayari mdomoni. Nikayameza, yakashuka kama yai zima. Nikaaga.

Siku ya tatu uwanja wangu ulijaa. Walikuja bila kuitwa: wakwe upande wa migomba, wazee wa kanisa, wanawake wa kisimani. Wengine walikuwa vijana siku hiyo na wengine wameshazeeka mno. Karani Mbonile alikaa mbele. Kando yake mtu mmoja aliyeshika kisu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe, kisafi, kama cha mezani pa Bwana. Gwakisa alikuwa amekwisha kupasha ngozi. Dole gumba lake lilikuwa limelala juu ya waya mfupi, halifanyi kitu.

"Mama ataita mara ya mwisho," Karani alisema. "Waya ukilegezwa, ataita tena, kwa ajili ya Mwenye Kilima."

"Mimi?" nilisema. "Mimi hajaniita hata siku moja. Yeye hajamwita mtu."

"Ndiyo sababu." Akainama mbele, akaongea kama tuko wawili. "Ita vile vile, mama. Vile ulivyoita kwa mumeo, ita kwa Mwenye Kilima. Watu wameshaizoea sauti. Hawatasikia tofauti. Baada ya mwaka mmoja watasema alikuwa akituita hivi sote."

Ndipo nikaelewa anachotaka. Hakuja kuufuta mwito ule. Alikuja kuuchukua mzima, na binti yangu akicheza juu yake, na mke wa Gwakisa akiweka kisu chini. Ningeita Subilagaaa mara mbili, ya kwanza kwa mume, ya pili kwa kilima, na kidole kingebaki mahali pake, na kuanzia hapo kila atakayependwa katika mji huu angependwa kwa sauti ya nyumba ile isiyo na dirisha.

Nilisimama katikati ya vumbi.

"Siwezi kuachilia," nilisema, "kwa sababu waya ule si wa mume wangu."

Mama mkwe akainua uso. Gwakisa hakutikisika.

"Baba Tumpe hakuniita hivyo. Hata siku moja. Nilikuwa nimesimama mbele yenu, mkanitazama, wazee wa kanisa wakanitazama, nikaona haya. Nikajitungia." Nilisikia mtu akisema Yesu wangu. Nikaendelea kwa sababu nikinyamaza nitaanguka. "Miaka kumi na tisa sikulisikia jina langu mdomoni mwake. Ile sauti ni yangu mwenyewe, Mzee. Ndivyo nilivyotaka kuitwa."

Gwakisa aliliangalia banjo lake kama mtu anayeangalia mtoto akaona ana macho ya jirani.

"Mke wangu," alisema. Kisha akasema tena, "Mke wangu nilimwita kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu."

"Ilikuwa ya mtu, Mzee."

Akageuza uso kwenye migomba.

Aliyefurahi ni Karani. Sikuwahi kumwona akifurahi kabla. "Vizuri zaidi," alisema, "vizuri zaidi, mama! Kumbe waya ulikuwa mtupu, hakuna anayenyang'anywa. Na kumbe kazi yenyewe ulishaifanya, sisi tulikuwa tunahangaika tu. Mapenzi kutoka mdomoni mwa mtu ambaye hakupendwa: ndiyo hayo hasa. Basi tusichelewe." Akavaa sauti ya desturi, ile ya Gwakisa msibani. "Mwenye Kilima alikuwa akikuitaje?"

Mama Lugano akasema kwa sauti ndogo, bila utani, "Mama Tumpe, njoo ukae."

Sikukaa. Niliwaza kidole cha mzee, na kisu katika kitambaa cheupe. Niliwaza kwamba nimeapa uongo mbele ya kaburi mara moja na Mungu amenivumilia, na kwamba mtu havumiliwi milele.

"Alikuwa akiniita," nilisema, "kama mume wangu."

Nikafungua mdomo, nikaita kama nilivyoitwa. Kutoka mlangoni. Fupi, bila jina, bila kungoja, kama gongo linavyotupwa.

"Wewe!"

Kuku walitawanyika. Nilirudia, maana Gwakisa alikuwa ameinamisha kichwa. Kigingi kililalamika. Akakaza, akagonga, haikufika. Akakaza tena, nilidhani waya utakatika umchane uso. Halafu ukaingia. Nilijua umeingia kwa sababu mikono yangu, yenyewe, ilianza kujifuta kwenye khanga.

Gwakisa akaanza kupiga. Alipiga wimbo wa harusi, ule ule wa kumtoa bibi arusi ndani, tunaoujua sote. Nyaya ndefu zilikwenda kama siku zote, tamu, zinapanda na kushuka. Na chini yake, kila dole gumba liliposhuka: wewe. Wewe. Wewe. Haikuwa kubwa. Haikuuharibu wimbo hata kidogo, na hilo ndilo lililokuwa baya. Wimbo ulikaa juu yake vizuri kama ulikuwa umetungwa hivyo tangu mwanzo. Wanawake wa kisimani, mmoja mmoja, walisimama. Mama mkwe wangu, bibi kizee asiyeona vizuri, alikuwa ameshainuka nusu, mkono mmoja chini, anatafuta kitu cha kubeba. Mama Lugano alikuwa amekamata ungo mbele ya kifua kama ngao. Hakuna aliyecheza. Yule mwenye kisu alikuwa amekiacha chini, anatazama nyuma yake.

Gwakisa hakusimamisha. Machozi yalimshuka mpaka kwenye ngozi, naye akaendelea, sijui kama ni kwa hasira juu yangu au kwa sababu, baada ya miaka yote hiyo, alikuwa ameokota kitu.

"Naam," mtu alisema.

Ilikuwa sauti nyembamba, ya haraka, ya mtu aliyeamshwa kwa kupigwa. Tukageuka. Karani Mbonile alikuwa wima mbele ya kigoda, visigino pamoja, kofia imeshikwa kwa mikono miwili tumboni. Alikuwa ameelekeza uso kilimani. Shingo yake ilikuwa inalowa. Waya ukapigwa tena, na midomo yake ikaitika tena, safari hii bila sauti, kisha akatuona tunamtazama, watu wote wa mji, nasi tumesimama kama yeye.

Gwakisa aliweka dole gumba juu ya waya, akaunyamazisha.

Karani alifungua mdomo kama anayetaka kutoa amri. Aliangalia kofia mikononi mwake. Kisha akageuka, akapita katikati ya ulezi ulioanikwa, akiukanyaga, akatoka uwanjani.